Ndege wa Kwenye Magimbi

Habari hii niliipata kwa Jovita, jirani yangu wa hapa Maisaka, mwaka ule mbaazi zilipokubali mpaka watu wakakosa magunia. Tulikaa mkekani siku tatu tunapeta na kuchambua, na siku zote tatu alinisimulia habari moja tu, maana kila akifika pale pa kitenge alicheka akashindwa kuendelea, ikabidi turudi nyuma. Mengine aliyaona kwa macho yake, kwa kuwa ukuta wake na wao ni mmoja. Mengine aliambiwa na Aikande mwenyewe.

Aikande alikuwa mke wa Heriel, Wapare wote wawili, waliohamia hapa Babati zamani kabla hapajawa makao ya mkoa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono isiyojua kukaa bure na mdomo usiojua kukosa jibu. Taabu yake ilikuwa moja: mume wake hakai nyumbani. Na hakuondolewa na pombe wala na mwanamke, vitu ambavyo mtu anaweza kwenda kuvisemea kwa mchungaji. Aliondolewa na ndege.

Heriel alianza kama dereva tu. Alikuja mzungu mmoja wa Denmark, Bwana Poulsen, na gari lake, anaandika ndege wa mbugani, akamkodi Heriel amwendeshe. Siku ya pili, Heriel huku ameshika usukani, akamwonyesha ndege aliyejibanza kwenye gome la mti kule mbali, ndege ambaye Bwana Poulsen na darubini yake hakumwona mpaka aliposhuka akasogea. Mzungu akavua kofia. Tangu siku hiyo Heriel hakuwa dereva tena, alikuwa macho ya Bwana Poulsen, na Bwana Poulsen alikuwa mtu asiyesafiri bila macho yake.

Basi Heriel akaiona dunia. Alilala kwenye misitu ya Peru ambako mvua hainyeshi, inamwagwa. Alisimama Iceland kwenye jabali lililojaa ndege weupe, pua imekufa ganzi hata hajui kama bado anayo. Alitembea jangwa la Australia siku nne akimfuata kasuku ambaye siku ya tano alimkuta ametua juu ya hema lao wenyewe. Kila aliyemwona alimwandika kwenye daftari: jina, siku, mahali, saa. Daftari likajaa, akanunua jingine. Wanaume wa Maisaka walipomkuta kwenye kahawa walimhoji bila kuchoka.

"Ukishampata unamla?"

"Simli."

"Unamkamata ukamuuze?"

"Simkamati."

"Sasa unamfanya nini?"

"Namwona."

"Na ukishamwona?"

"Namwandika."

Walitazamana, wakamwagizia kahawa nyingine kwa huruma.

Kutoka huko alikokwenda alimletea mkewe kadi. Aikande alizitunza zote kwenye kopo la biskuti, akamwonyesha Jovita baadhi. Moja iliandikwa hivi: "Mpendwa mke wangu, leo alfajiri nimemwona yule mwenye kishungi. Ni dume. Mimi mumeo, Heriel." Si habari ya afya, si habari ya kurudi. Aikande alimjibu kwa posta: "Mpendwa mume wangu, leo alfajiri Kindness ameota jino. Ni jike. Mimi mkeo, Aikande." Heriel akaielewa vizuri, akaomba radhi kwa kadi nyingine, yenye picha ya bata.

Siku ya kumuaga huyo huyo Kindness, alipoolewa, palifika wakati wa baba kusimama amkabidhi binti yake. Msema chochote aliita mara tatu. Kiti kitupu. Wakamtafuta, wakamkuta nyuma ya turubai, na suti yake ya kijivu, amelala kifudifudi kwenye nyasi. Alipoinuliwa alisema taratibu tu, subirini kidogo, ndege anaangalia upande huu. Alimkabidhi binti na majani kwenye tai.

Hayo yote Aikande aliyameza. Lililomkaa kooni lilikuwa la mwaka 2003. Alipatwa na malaria kali, akalazwa siku sita, na mtu aliyemwogesha na kumnywesha uji alikuwa Jovita. Heriel alikuwa Bolivia. Aliporudi, na begi lake mgongoni na darubini shingoni, Jovita ndiye aliyemfungulia geti.

"Shikamoo, Baba Praygod," akamwambia, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. "Karibu. Mkeo alikuwa anakufa. Habari za ndege?"

Heriel aliingia ndani, akamwona mkewe alivyokonda, akakaa chini sakafuni na begi likiwa bado mgongoni. Jioni hiyo, mbele ya Jovita na mzee mmoja wa kanisa, akaapa. Aikande alitaka kiapo kifupi, chenye maneno mawili tu: sitoki tena. Lakini Heriel hakuwa mtu wa kudanganya, hata kwa kiapo. Akasema, "Nimekwenda kuona vya watu na vya nyumbani sijavimaliza. Sitoki tena nchi hii mpaka niwaone ndege wote wa Babati walioko kwenye orodha ya Bwana Poulsen. Wote. Akibaki hata mmoja, nipo."

Alidhani itamchukua wiki tatu. Aikande naye alidhani hivyo hivyo, akanuna.

Lakini orodha ile ilikuwa ndefu, na Heriel alikuwa na miaka sitini na tatu. Miezi miwili ilipita, akawamaliza wa milimani. Miezi mitano, akawamaliza wa mashambani na wa porini. Kufika mwezi wa saba alibakiwa na mmoja, ndege wa majini. Bwana Poulsen aliwahi kumwona mara moja tu ziwani kwetu, miaka ishirini iliyopita. Heriel akamchora kwa penseli za rangi, akabandika karatasi ukutani sebuleni, juu ya redio.

Aikande alikuwa anafuta vumbi kwenye redio alipoiona ile picha. Ndege asiyezidi ngumi ya mtu mzima. Mgongo wa kahawia wenye michirizi myeupe, miguu mirefu ya kijani, na mkia mfupi uliosimama.

"Huyu ndiye?" akauliza.

"Ndiye. Haruki ila kwa lazima. Anatembea chini katikati ya majani, ukigeuza shingo tu ameshatoweka. Nikimpata huyu, nimemaliza."

Aikande akafungua mdomo, kisha akaufunga. Akaendelea kufuta redio mpaka ikang'aa.

Maana ndege huyo alimjua. Alimjua kama anavyowajua kuku wake. Nyuma ya nyumba yao kiwanja kinashuka, na pale chini kuna unyevunyevu wa chemchemi usiokauka. Maji ya bafuni na ya vyombo nayo yanateremkia hapo hapo. Aikande alipanda magimbi, yakastawi mpaka mtu mzima anapotea ndani, na pembeni yakaota matete yenyewe. Humo ndimo alimoishi yule ndege na mwenzake. Kila asubuhi, Aikande akishamwaga maji ya vyombo, mmoja alichungulia, kisha akaja na mkia wake ukichezacheza, akaokota ukoko wa wali. Alikuwa anampa ukoko tangu Pasaka. Hakujua kama ana jina. Alimwita "wewe."

Usiku ule Aikande alifanya hesabu yake. Mume yupo miezi saba, haijapata kutokea tangu waoane. Anakula nyumbani. Amelitengeneza geti. Juzi alimsimulia kitu kisichohusu ndege, habari ndefu ya shangazi yake wa Gonja, mpaka mwisho. Na kinachomshikilia mtu huyo asiondoke ni ndege mmoja asiyezidi ngumi, anayekula ukoko hatua ishirini kutoka kitandani kwake. Sasa amwambie ili iweje?

Shida ilikuwa kwamba Heriel ana miguu, na mlango wa nyuma upo. Alikuwa ameanza kusema siku moja atashuka kule nyuma achimbe mtaro wa maji uwe mzuri. Aikande akafikiri siku mbili, siku ya tatu akapanda basi kwenda Same, akarudi na mama yake.

Bibi Naelijwa alikuwa na miaka themanini na kitu, kichwa amenyoa, mgongo umepinda kidogo na akili imenyooka. Akapewa chumba cha uani, kile walichotaka kumpangisha ofisa wa mkoa. Na hapo mambo yakafungwa kwa komeo. Kwa watu wa umri wa Heriel, mkwe haingiliwi. Mwanamume hakai naye kiti cha jirani, hali naye sahani moja, na hapiti penye bafu lake wala jiko lake. Akitaka kumwambia neno anamtuma mtu. Tangu siku ile Bibi Naelijwa alipoteremsha mzigo wake uani, kwa Heriel mlango wa nyuma ukawa ukuta.

Kuitwa huko kulimshangaza bibi kwanza, akambana bintiye walipokuwa wanamenya ndizi.

"Uliniambia unaumwa mgongo huna wa kukusaidia. Mbona nakuona unabeba ndoo mbili?"

Aikande akamweleza yote, bila kuficha hata ukoko. Bibi akaacha kumenya.

"Yaani nimekula vumbi la siku nzima, kutoka Same mpaka Arusha, kutoka Arusha mpaka hapa, nije kulinda ndege?"

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Ungeniambia tangu kule ningekuja na kiti changu kizuri."

Akaishika kazi ile kwa moyo wote. Alikaa kutwa kwenye kigoda, uso kwenye magimbi, mgongo kwenye mlango. Akisikia kitasa cha mlango wa nyuma kinaguswa, alikohoa. Si kikohozi cha ugonjwa, ni kile kinachosema nipo na nimekaa vibaya. Heriel alirudi nyuma kama aliyeguswa na moto, akisema, "Samahani, mama," kwa mlango uliofungwa. Jovita aligundua siku alipokuja kuomba magimbi mawili, akakuta bibi anamchagulia ndege ukoko laini. Akaapishwa papo hapo. Kwa kuwa aliapishwa, aliwaambia wanawake wawili tu, na hao nao waliapishwa.

Mara moja nusura mambo yaharibike. Asubuhi Heriel alikuwa anakunywa chai, yule ndege akalia. Sauti yake ni kama mtu anayekwangua meno ya kitana kwa kucha. Heriel akasimamisha kikombe hewani.

"Umesikia?"

"Nini?" Aikande akasema.

"Hiyo. Kama kitana."

"Ni mama. Anachana nywele."

Heriel akanywa chai funda moja, akafikiri.

"Si amenyoa?"

"Ndiyo maana inatoa sauti."

Heriel angesemaje? Kichwa cha mkwe si kitu cha kujadili. Na kule nyuma Bibi Naelijwa, aliyesikia yote dirishani, akachukua kitana cha bintiye akakwangua kwa kucha mpaka ndege mwenyewe akanyamaza kusikiliza.

Basi Heriel akaendelea kwenda ziwani. Alitoka alfajiri kwa baiskeli, akajilaza kwenye matete, viboko wanakoroma upande wa pili. Alirudi na ruba miguuni na matope mpaka masikioni. Aikande alimwekea maji ya moto. "Umempata?" "Bado." "Pole." Na pole ile ilimtoka vizuri, maana ilikuwa ya kweli nusu. Jovita na wenzake wawili kule sokoni wakawa wanamuuliza, "Baba Praygod, yule wako hajapatikana?" kisha wanainamia nyanya zao kwa muda mrefu.

Mwaka ukageuka. Mwezi wa tano barua ikaja kutoka kwa Bwana Poulsen. Mwezi wa nane anakwenda New Guinea, kwa ndege wale wenye mikia ya manyoya ya dhahabu wanaocheza ngoma juu ya miti. Hii itakuwa safari yake ya mwisho, miguu yake imechoka. Anataka kwenda na macho yake. Heriel akaisoma mara mbili, akaikunja, akaondoka na baiskeli siku nzima. Tangu siku hiyo akawa anakwenda ziwani mara mbili, alfajiri na alasiri. Aikande akamwongezea bibi ukoko.

Mwezi wa sita, Heriel akaacha.

Alikuja mchana akaiweka darubini juu ya kabati, akaichukua ile picha ukutani akaiweka ndani ya daftari, akakaa kwenye kiti. Kesho yake akakaa. Kesho kutwa akakaa. Aikande, aliyeomba jambo hilo kwa Mungu miaka ishirini na kitu, akapita mbele yake na fagio, akamwona mumewe amekaa nyumbani kama gunia lililowekwa hapo na mtu akasahau kurudi kulichukua.

"Huendi leo?"

"Nimekwenda hospitali," Heriel akasema. "Wamenipima macho. Wamesema yamezeeka kidogo, nitumie miwani. Nadhani hawajaniambia yote. Mama Praygod, yule ndege yupo pale ziwani. Nina hakika yupo. Nimepita mbele yake mara ngapi sijui. Simwoni tu. Mimi nilikuwa macho ya mtu, sasa sioni."

Aikande akaenda nyuma ya nyumba, akakaa chini karibu na kigoda cha mama yake. Yule ndege alikuwa ametoka, na nyuma yake vifaranga vinne vyeusi, vidogo kama mbegu za nyonyo zilizoota miguu.

"Amesema macho yake yamekufa," Aikande akasema.

"Nimesikia. Dirisha liko wazi."

"Nikimwonyesha, mwezi wa nane anaondoka."

"Ataondoka."

"Nisipomwonyesha?"

Bibi akavunja ukoko akautupa. "Usipomwonyesha utakuwa na mume. Huyo uliye naye hapo kwenye kiti. Umemtazama vizuri?"

Aikande alikuwa amemtazama. Akafuta uso kwa pindo la kitenge, akainuka, akaenda kusimama mbele ya mumewe.

"Inuka uje huku nyuma. Kuna kitu uone."

"Nyuma wapi?"

"Uani. Kwenye magimbi."

Heriel akamtazama kana kwamba amemwambia avue nguo sokoni. "Mama si yuko huko?"

"Yuko."

"Basi nitapitaje?"

"Heriel, mama amekubali upite."

"Yeye amekubali. Mimi je? Nipite mbele ya miguu ya mkwe wangu? Kilete hicho kitu hapa."

"Hakileteki."

"Basi kiache."

Wakabishana hapo nusu saa. Kwa karibu mwaka mzima wanawake watatu walimzuia mtu huyu asipite mlango ule, na sasa walitaka apite, naye akakataa katakata. Ikabidi aitwe Jovita. Wakasema mama ahame kwa muda, akae kwa Jovita. Bibi naye akakataa, akasema vifaranga vimemzoea, akiinuka vitakimbia, na hata hivyo amekilinda kitu hiki miezi mingi, hawezi kukosa mwisho wake. Hapo ndipo Aikande akafungua sanduku akatoa kitenge chake kipana cha bluu, akamwambia mumewe ashushe darubini kabatini.

Jovita akashika ncha moja, Aikande nyingine, wakakitandaza kikawa ukuta kutoka mlangoni mpaka ukingoni mwa magimbi. Upande mmoja Bibi Naelijwa kwenye kigoda. Upande wa pili mkwewe, mtu mzima mwenye wajukuu, anatambaa kwa tumbo na darubini shingoni, uso umegeuzwa mbali na kitenge kwa heshima. Kati yao haikuzidi hatua moja, lakini hawakuweza kusemezana ila kupitia kwa mtu.

"Jovita," bibi akanong'ona, "mwambie mkwe wangu apunguze kichwa."

"Baba Praygod, punguza kichwa."

"Mwambie mama nimepunguza."

"Amepunguza."

"Mwambie bado. Na ashushe makalio, yanatikisa jani."

Jovita akashindwa kulifikisha neno hilo. Kitenge kikaanza kutetemeka upande wake. Heriel, aliyelisikia vizuri sana, akashusha alichoambiwa ashushe, akasema kwa sauti ndogo, "Mwambie mama asante."

"Sasa mwambie atazame chini ya jani lile lililotoboka. Si hilo, la kushoto kwake. Asitumie darubini, atamwona mkubwa mno atashtuka."

Aikande alishika ncha yake ya kitenge kwa mikono miwili, anatazama kisogo cha mumewe, maana hakuweza kuona uso. Jani likasogea. Ndege akatoka, akasimama, akachezesha mkia, akatembea mpaka karibu kabisa na vidole vya Heriel, akaokota ukoko. Vifaranga vikafuata. Kisogo cha Heriel hakikutikisika. Aikande akaona tu shati mgongoni linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, haraka kama la mtu aliyekimbia.

Alikaa hapo mpaka jua likafika utosini. Jovita mkono ulimfa ganzi, akabadilisha, ukafa na wa pili. Mwishowe ndege wakarudi majanini. Heriel akageuka taratibu, akakaa kwenye udongo, uso umelowa. Akatazama magimbi, akatazama udongo uliokanyagwa ukawa njia, akatazama sahani ya bati yenye ukoko. Alikuwa mtu wa kusoma alama za chini, ndiyo kazi aliyoifanya duniani kote.

"Huyu analishwa," akasema.

Akaisogeza ile sahani kwa kidole.

"Yupo hapa tangu lini?"

Sauti ya bibi ikatoka nyuma ya kitenge: "Jovita, mwambie tangu Pasaka. Ya mwaka jana."

Jovita hakuona haja ya kurudia. Heriel akamtazama mkewe. Miezi ile yote, ruba, matope, miwani ile ya hospitali mfukoni, yote yalipita usoni kwake moja moja, na Aikande aliyaona yanavyopita. Hakuinamisha kichwa.

"Nilikuficha," akasema. "Si mama, si Jovita. Mimi. Nilijua ukimwona utaondoka. Sikujua utafikiri umepofuka. Hilo nisamehe. Hilo la kwanza sikuombi msamaha. Umeshamwona, orodha imeisha. Mwandike, uende kwa Bwana Poulsen."

Heriel akatoa daftari na kalamu, akafungua ukurasa ambao ulikuwa na mstari mmoja mtupu tangu mwaka jana. Akaandika siku. Akaandika saa. Kisha akasimamisha kalamu, akaitazama ile sahani ya bati tena, akakunja uso kama hakimu.

"Shida ipo," akasema.

"Ipi?"

"Kwenye kuandika kuna kanuni. Ndege wa kufugwa hahesabiki. Lazima awe wa porini, anajitafutia."

"Huyu si wa porini?" Jovita akauliza.

"Anakula wali. Anakula kwa saa. Ana mlinzi." Heriel akachora mstari juu ya siku na saa alizoandika, mstari ulionyooka. "Huyu ni mfugo wa nyumba hii, kama kuku. Siwezi kumwandika, itakuwa ni kumdanganya Bwana Poulsen. Orodha haijaisha. Bado mmoja."

Aikande alimtazama usoni atafute pa kushika. Hakupata. Mtu yule aliweza kulala kwenye matete saa nne bila kupepesa, sembuse hapo.

Bibi akasema kutoka kwake: "Mwambieni basi nitaacha kumlisha, awe wa porini."

"Mama," Aikande akasema, "utaendelea."

"Mwambieni mama," Heriel akasema, "asiache ghafla. Ana watoto."

Jovita ndipo akaachia ncha yake. Kitenge kikaanguka, na mkwe na mkwe wakajikuta wanatazamana ana kwa ana kwa mara ya kwanza tangu siku ya mahari. Heriel akainuka mbio, akajigonga kwenye fremu ya mlango, akapotelea ndani huku anaomba samahani kwa ukuta. Bibi alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, safari hii cha kweli.

Jioni Heriel alikaa mezani akaandika barua kwenda Denmark. Aliandika muda mrefu, akifuta na kuandika. Aikande alijipitisha nyuma yake mara tatu na sufuria ileile. Aliona tu kwamba anamwomba radhi mzee mwenzake, anamsihi apitie Babati akitoka huko, aje aone kitu ambacho hakiandikiki. Chini alichora kifaranga kimoja cheusi. Akabandika stempu, akaweka bahasha juu ya redio, akaning'iniza darubini kwenye msumari wa mlangoni, akasema kesho anataka kujaribu upande wa Singe, huenda wapo wa kweli huko.

Wakala mapema. Jovita akarudi kwake na magimbi manne, akalala na mikono yote miwili imekandwa maji ya moto. Bibi Naelijwa alisali, akafunga dirisha lake, na haukupita muda mkoromo ukasikika uani. Heriel akajinyoosha kitandani, upande wake, kwa kishindo cha mtu aliyetulia.

Aikande akazima taa, akalala chali.

"Heriel."

"Mm."

"Hiyo kanuni. Imeandikwa wapi?"

Heriel akavuta pumzi ndefu, ya mtu aliyelala au ya mtu anayemwigiza aliyelala. Aikande akainuka kidogo kwa kiwiko, akaweka sikio karibu, amkamate. Pumzi ikaja, ikaenda, ikaja. Akajiambia atasubiri mpaka ajue ni ipi. Akasubiri, mkono ukalegea, kichwa kikashuka kwenye bega la mumewe, akapitiwa na usingizi kabla hajajua.